Division Four Si Hukumu ya Kuozwa



Kila yakitoka matokeo ya Fom Foo, visiwani kwetu huanza mtihani wa pili. Mtoto wa kiume akipata Division Four, wazee hukaa kumtafutia pa kumpeleka. Mtoto wa kike akipata hiyo hiyo, shangazi huuliza: "Sasa mnamngojea nini? Muozeni." Machozi hayajamkauka, watu washaanza kuhesabu kanga za sanduku.

Sisi tunasema hapana. Ndoa hatuipingi, na singo na hina tunazipenda kuliko yeyote. Lakini ndoa ni ibada, haifai kufanywa jaa la kutupia matokeo mabaya. Mnamdhulumu binti, na mnamdhulumu na mume, kwa kumpa mke aliyekwisha kuambiwa kuwa hana faida nyengine.

Tena wengi wanaosema "kafeli" hawajaisoma hata karatasi ya matokeo. Kaeni na binti muihesabu. Ana D nne au zaidi, ukiacha masomo ya dini? Basi anaweza kuomba Astashahada katika vyuo vingi. Akitaka afya, watatazama Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kutoka Astashahada hupanda Stashahada, na Stashahada yenye GPA ya 3.0 huweza kumfikisha chuo kikuu. Njia ni ndefu kuliko ya Fom Siksi, lakini inafika.

D hazijatimia nne? Arudie masomo aliyoanguka kama mtahiniwa wa kujitegemea. Au aende mafunzo ya amali: Unguja kuna vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, Pemba kuna Vitongoji. Na tusimpeleke kwenye cherehani tu kwa sababu ni mwanamke. Akitaka umeme, asome umeme. Nyumba zetu zimejaa wanawake ambao wangefurahi fundi anayeingia ndani awe mwanamke mwenzao.

Wapo wanaotuletea dini. Dini gani? Wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Bibi Aisha aliwafundisha masahaba. Na historia inamtaja Fatima al-Fihri kuwa ndiye aliyeanzisha Qarawiyyin kule Fez mwaka 859. Hao ndio mama zetu, na hakuna aliyewaambia elimu imewapita.

Na wewe bibi harusi mtarajiwa, ikiwa posa ishakuja na moyo wako umeridhia, olewa, Mwenyezi Mungu akubarikie. Lakini sema kabla ya siku ya nikaha, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba utaendelea kusoma. Mahari ni haki yako, si ya baba wala mjomba. Unaweza kutaja kiasi kitakachotosha ada ya chuo. Kabati la vyombo litachakaa, cheti utabaki nacho.

Mama zetu, tunakuombeni jambo moja. Matokeo yakitoka, kabla ya kumpigia simu mtu wa posa, pigeni simu chuoni mkaulize. Simu hiyo moja inaweza kumbadilishia mtoto maisha, na posa, ikiwa ya kheri, itangoja.

Wabillahi tawfiq.