HESABU NI NGAO YA MNYONGE

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliyaelewa maneno hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama vyao, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliungana kuwa shirikisho moja la ushirika.

Lakini mzani wa haki hautoshi ikiwa mwenye mali hajui kujumlisha. Tuchukue magunia ya kilo 48, 37 na 56. Mamoja ni 21: andika 1, peleka 2. Makumi ni 12. Ongeza 2, yawa 14. Jumla ni kilo 141. Karani akipeleka 1 badala ya 2 ataandika 131, na jasho la kilo 10 limepotea pasipo mwizi kuonekana.

Ndugu mkulima, nawe mfanyakazi upokeaye mshahara: jumlisha kutoka juu, kisha rudia kutoka chini. Majibu yakitofautiana, usitie sahihi. Kila tawi na lifundishe hesabu. Asiyejua asione haya kuuliza.