Jembe Mkononi, Jina Daftarini: Mwanamke wa Shambani na Uchumi wa Kenya

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa katika mawaidha ya biashara, mwenye duka akiusiwa aweke hesabu zake barabara. Hata hivyo, uzito wake huongezeka ikitazamwa kwa jicho la mwanamke wa mashambani nchini Kenya. Yeye hulima, hupalilia, huchuma na kubeba. Mali huzaliwa mikononi mwake, lakini daftari linapofunguliwa, jina lililoandikwa si lake. Makala haya yanashikilia kwamba ukosefu wa usawa wa kijinsia katika uchumi wa Kenya umejikita hasa katika daftari hilo. Maadamu hatimiliki, namba ya mkulima na akaunti ya benki ni za mtu mmoja, jasho la wawili litaendelea kuhesabiwa kuwa la mmoja.

Mfano ulio wazi ni ule wa majani chai. Katika nyanda za juu, kuanzia Kericho, Bomet na Nyamira hadi Murang'a na Kirinyaga, majani ya mkulima mdogo hupelekwa kwenye kituo cha kununulia chai, yakapimwa, na uzani wake ukaandikwa kwenye namba ya mkulima. Malipo ya kila mwezi na bonasi ya kila mwaka hufuata namba hiyo. Namba nayo hufuata shamba, na shamba hufuata hatimiliki. Kwa hiyo mwanamke anaweza kurauka alfajiri, akachuma hadi mgongo ukamuuma, akapanga foleni kwenye mizani, kisha pesa zikaingia katika akaunti asiyoweza kuigusa. Msimu wa bonasi katika maeneo haya ni msimu wa furaha kwa wenye maduka na wenye baa, na wa ugomvi katika nyumba nyingi. Ugomvi huo hudhaniwa kuwa matokeo ya ulevi wa mume fulani au ukali wa mke fulani. Chanzo chake kikuu ni utaratibu wa malipo unaomtambua mwenye jina na kumsahau mwenye kikapu.

Ni kosa kudhani kwamba utaratibu huu ulirithiwa mzimamzima kutoka katika mila. Katika jamii nyingi za wakulima, ardhi ilikuwa ya ukoo. Mume alikuwa mwangalizi tu, na mke alikuwa na sehemu yake ya kulima na ghala alilolisimamia mwenyewe. Mila hizo hazikuwa na usawa, lakini zilimhakikishia mke mahali pa kulima. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilizindua Mpango wa Swynnerton, ambapo vipande vya ardhi vilikusanywa, vikapimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi ili Mwafrika apande mazao ya kuuzwa kama vile kahawa na chai. Mtu binafsi aliyefikiriwa na maafisa wa wakati huo alikuwa mwanamume, kichwa cha nyumba. Baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikampa aliyesajiliwa umiliki kamili. Hivyo uangalizi ukageuka umiliki, na haki ya mke ya kulima ikakosa mahali pa kuandikwa.

Athari za uamuzi huo zingali zinaonekana. Mwaka 2018 shirika la Kenya Land Alliance lilitoa matokeo ya uchanganuzi wa takriban hatimiliki milioni moja zilizotolewa kati ya 2013 na 2017. Wanawake walikuwa wamepata asilimia 10.3 ya hatimiliki hizo, ilhali wanaume walipata asilimia 86.5. Ikumbukwe kwamba hati hizo zilitolewa baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi.

Sheria yenyewe imepanda mlima na kuteremka. Katika kesi ya Kivuitu ya 1991, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Katika kesi ya Echaria ya 2007, mahakama hiyo hiyo ikageuka na kudai mchango wa fedha. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, ilikuwa imekataa hoja kwamba binti apewe urithi mdogo kuliko kaka yake kwa kuwa ataolewa. Kisha ikaja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, ambayo inataja bayana kwamba mchango unajumuisha kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shambani. Hatimaye, mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali, na kwamba kila mmoja sharti athibitishe mchango wake.

Hapa ndipo methali ya daftari inaporejea kwa kishindo. Mfanyakazi wa ofisini atathibitisha mchango wake kwa hati ya mshahara na stakabadhi za mkopo. Mchumaji wa chai atathibitisha kwa nini? Kila kilo aliyoipeleka kwenye mizani kwa miaka ishirini imeandikwa kwa namba ya mumewe. Ushahidi wa jasho lake upo, ila umegeuzwa kuwa ushahidi wa mwingine. Sheria imemfungulia mlango, nao utaratibu wa malipo umemnyima ufunguo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni masuala ya haki, na kwamba uchumi una hesabu zake nyingine. Hoja hiyo haina mashiko. Kwanza, asiye na hatimiliki hana dhamana ya kuiweka benki. Ndiyo maana wanawake wamelazimika kudhaminiana wenyewe kwa wenyewe katika vyama, na ndiyo maana Hazina ya Wanawake ya 2007 ilijengwa juu ya vikundi. Sheria ya 2017 iliyoruhusu mali zinazohamishika, kama vile mifugo na mashine, ziwe dhamana ni hatua njema, lakini mkopo wa kununua mbuzi si mkopo wa kujenga kiwanda. Pili, mtu hutia bidii pale anapovuna. Mwanamke asiyefikiwa na bonasi huona heri akachume kwa jirani kwa ujira wa siku, na chai ya kwao ikomae bila kuchumwa. Familia hupoteza, kiwanda hupoteza, na nchi inayotegemea chai kupata fedha za kigeni hupoteza pia.

Tatu, daftari la taifa nalo lina kasoro iyo hiyo. Mwanauchumi A. C. Pigou alibainisha kitambo kwamba mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa hupungua, ijapokuwa chakula ni kile kile na mpishi ni yule yule. Hadi leo upishi na ulezi usiolipwa haumo katika hesabu ya pato la taifa. Utafiti wa matumizi ya wakati uliofanywa nchini Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi hizi. Saa hizo ndizo zinazomwezesha mwajiriwa kufika kazini akiwa ameshiba na nguo zake zimefuliwa.

Lugha nayo haijaepuka lawama. Husemwa kwamba fulani ana mke "asiyefanya kazi", ilhali huyo ndiye anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Neno kazi limebanwa hadi likawa na maana ya ajira pekee. Methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia humfananisha mke na mgomba unaotunzwa na mwenye shamba, kumbe anayepalilia mgomba huo ni yeye. Watunzi wa Kiswahili wameliona tatizo hili mapema. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) na Kithaka wa Mberia katika Natala (1997) wamewaonyesha wanawake wanaong'ang'ana na vikwazo vya jamii yao. Uhakiki mwingi umebakia katika sifa za wahusika. Swali la nani anamiliki nini halina budi kuulizwa pia.

Kuna pingamizi kwamba majina mawili kwenye hati yatavunja ndoa. Lakini chama cha ushirika huandika majina ya wanachama wote, na hakuna aliyewahi kudai kwamba orodha hiyo ndiyo inayowafitinisha. Ndoa ya wakulima ni ushirika wa kale kuliko yote. Kinachovunja ndoa wakati wa bonasi ni mmoja kujua hesabu na mwingine kukisia.

Hatua zinazohitajika hazihitaji fedha nyingi. Viwanda vya chai na vyama vya ushirika vya kahawa viwasajili mume na mke kwa pamoja na kuwagawia malipo katika akaunti zao wenyewe. Ofisi za ardhi ziwahimize wanandoa kuandikisha hati kwa majina ya wote wawili. Nao wanafunzi wa Kiswahili wana jukumu lisiloweza kukabidhiwa wengine. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa iliandikwa kwa Kiingereza. Kila mwanafunzi atakayeifafanua kwa Kiswahili sanifu na chepesi katika kijiji chao atakuwa amemwezesha mchumaji mmoja kujua kwamba kazi yake ya shambani ina jina katika sheria. Atakapolijua hilo, ataanza kudai liandikwe daftarini.