Askari Bila Namba Anamfungulia Njia Mtekaji



Leo nataka tuzungumze jambo linaloonekana dogo: namba. Namba ambayo askari anajitambulisha nayo kwenye redio, namba ya kikosi chake, namba iliyoko kwenye sare yake. Wengi wetu tukisikia redio ya polisi inakoroma kwenye difenda tunadhani ile ni lugha ya wakubwa, haituhusu. Mimi nasema inatuhusu sana, na nitaanza na jiji la Chicago kule Marekani. Nimelichagua kwa sababu mfumo wao ni rahisi kuusoma hata kwa mtu wa nje, na kwa sababu kuna kesi moja ya huko inayoonyesha vizuri namba inaweza nini na haiwezi nini.

Chicago ina wilaya 22 za polisi. Kila wilaya imegawanywa kwenye sekta, kwa kawaida tatu, na kila sekta ina maeneo madogo ya doria. Jiji zima lina maeneo ya namna hiyo zaidi ya 270. Sasa, gari la doria halina jina lingine kwenye redio zaidi ya namba ya eneo lake. Ukisikia "813", hesabu: 8 ni wilaya ya nane, 1 ni sekta ya kwanza, 3 ni eneo la tatu. Ukisikia "1124", ni wilaya ya 11, sekta ya pili, eneo la nne. Namba ikiishia na sifuri, mfano 830, huyo ni sajenti anayesimamia sekta ya tatu ya wilaya ya nane. Namba za sitini na kitu, kama 863, ni timu ya askari waliovaa kiraia. Naomba hilo la mwisho ulishike: hata aliyevaa jinzi na fulana ana namba, na anaitaja kila anapofungua mdomo kwenye redio.

Juu ya hapo kuna maneno mafupi ya kazi. "10-1" maana yake askari mwenzao yuko hatarini, kila aliye karibu akimbie. "10-99" ni gari lenye askari mmoja tu. Na kifuani kila askari mwenye sare ana nyota ya chuma yenye namba yake mwenyewe. Kwa hiyo kuna namba ya mtu, na kuna namba ya gari na kazi aliyopangiwa siku ile. Ukiwa na moja unaweza kuitafuta nyingine kwenye orodha ya zamu.

Hebu tuone ilivyofanya kazi.

Usiku wa 20 Oktoba 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alikuwa akitembea barabarani na kisu kidogo mkononi. Polisi walikuwa wamepata taarifa ya mtu anayevunja magari kwenye yadi ya malori. Askari wa gari 815R walimfuata taratibu bila kumpiga risasi, na wakaomba kwenye redio waletewe askari mwenye kifaa cha shoti ya umeme. (Herufi ya mwisho tuiache, tarakimu ndizo tunazozitaka.) Yakafika magari mengine. Askari mmoja wa gari 845R, Jason Van Dyke, alishuka na ndani ya sekunde kama sita akaanza kufyatua. Risasi 16. Usiku uleule msemaji wa chama cha askari akawaambia waandishi kwamba kijana aliwajia askari na kisu. Ripoti za askari waliokuwepo zikaimba wimbo huohuo.

Sasa angalia. Kama waliofika pale wangekuwa "watu fulani waliokuja na gari jeupe", hadithi ingeishia hapo na mama yake angezika mtoto akiwa na maswali. Lakini kila gari lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na majina ya watu wa zamu. Ombi la kifaa cha umeme lilikuwa limepita kwenye redio, kwa hiyo ilijulikana kwamba askari wa kwanza kufika hawakuona haja ya kuua. Kamera ya gari 813R ilikuwa imenasa tukio, na ilionyesha kijana anaelekea pembeni, akijitenga na askari. Jiji liliikalia video ile zaidi ya mwaka mmoja. Mwandishi wa kujitegemea akaenda mahakamani kuidai, jaji akaamuru itolewe, ikatoka tarehe 24 Novemba 2015. Siku hiyohiyo Van Dyke akashtakiwa kwa mauaji. Wiki moja baadaye mkuu wa polisi wa jiji akafukuzwa kazi. Oktoba 2018 Van Dyke akatiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la pili na makosa 16 ya shambulio la silaha, kosa moja kwa kila risasi. Mwaka 2019 Bodi ya Polisi ikawafukuza askari wengine wanne, akiwemo sajenti aliyekuwa 830 usiku ule.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani namba ni hirizi. Haikumwokoa kijana. Van Dyke alihukumiwa chini ya miaka saba na mwaka 2022 alishatoka. Askari watatu walioshtakiwa kwa njama ya kumfichia waliachiwa huru. Wote wale walikuwa na namba na bado kuna waliosema uongo. Namba haimgeuzi askari kuwa mtu mwema. Kazi yake ni kumnyima pa kujificha, ili siku jaji akitaka kujua nani alikuwa wapi saa ngapi, jibu lipatikane.

Turudi nyumbani. Msidhani sisi hatuna mfumo. Tunao, tena mzuri kwenye karatasi. Dar es Salaam ni Kanda Maalum ya Polisi, na ndani yake kuna mikoa ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kila mkoa una RPC, upande wa upelelezi kuna RCO, wilaya ina OCD, kituo kina OCS. Magari ya jeshi yana namba zinazoanza na PT. Askari wa vyeo vya chini ana namba yake inayoanza na herufi. Soma hukumu yoyote ya jinai utaiona imeandikwa kabla ya jina la shahidi: herufi, tarakimu, halafu cheo, mfano D/CPL, yaani koplo wa upelelezi. Hata sisi raia tunapewa namba. Ukiibiwa simu Kariakoo unaambiwa kachukue RB, na RB ile inaonyesha kituo na mwaka.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka anayekamatwa aelezwe kwa nini anakamatwa. Inataka askari amtajie aliye chini ya ulinzi jina lake na cheo chake kabla ya kuanza kumhoji. Hayo hayakuandikwa na wapinzani. Yamo kwenye vitabu vya Serikali miaka yote.

Basi kama namba zipo na sheria ipo, kwa nini tumefika tulipofika?

Tarehe 6 Septemba 2024, Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa Sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akielekea Tanga. Pale Tegeta basi likasimamishwa na watu wenye silaha, wakamfunga pingu, wakamshusha, wakaondoka naye. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Rais akaagiza uchunguzi. Nchi nzima ikabaki na swali moja: wale ni akina nani?

Mimi siwezi kusema waliomchukua ni askari, na siwezi kusema si askari. Tatizo ndilo hilo lenyewe. Basi zima la watu wazima lilitazama mtu anachukuliwa, na hakuna abiria aliyekuwa na chochote cha kushika, kwa sababu tumezoeshwa kwamba hata askari wa kweli huja hivyohivyo: bila sare, bila kitambulisho, gari la namba za kiraia, "twende, utaelezwa mbele". Kila askari halali anayekamata kwa mtindo huo anamfungulia njia mtekaji. Anawafundisha wananchi kunyamaza. Siku mhalifu akinunua pingu na kofia ya kuziba uso, kazi yake imeshafanywa nusu.

Najua jibu litakalokuja: usalama wa askari. Sawa, tuliangalie. Chicago nao wamelitumia. Kuanzia 2022 walianza kuifunga redio yao kwa mfumo wa siri, na sasa raia husikia mazungumzo yakiwa yamechelewa dakika 30. Waandishi wa kule wamelalamika, na mimi nakubaliana nao. Lakini angalia ni kipi hawakukifunga: magari yamebaki na namba, nyota zimebaki vifuani. Hoja ya usalama inaweza kuchelewesha sauti. Haiwezi kuhalalisha askari kutokuwa mtu yeyote.

Na tuelewane, sisemi mtu aanze kunasa redio za polisi. Sheria yetu hairuhusu kunasa mawasiliano, na hatuhitaji kuwapa sababu. Tunachodai ni hiki:

Moja, kila askari anayetumwa kwenye mkutano, maandamano au ukamataji awe na namba inayosomeka kwa mbali, FFU wakiwemo, hata akiwa na kofia ngumu na ngao.

Mbili, askari wa kiraia asimkamate mtu bila kuonyesha kitambulisho na kutaja jina, cheo na kituo anachompeleka, mbele ya yeyote aliyepo.

Tatu, kila gari na kila timu inayotoka iandikwe kwenye daftari: nani walitoka, na gari gani, saa ngapi, kwa amri ya nani. Daftari hilo na rekodi za redio mahakama iweze kuviita.

Wakati tunadai, na sisi tuwe na nidhamu ya namba. Ukiona mwenzako anakamatwa usirushe ngumi wala matusi. Uliza kwa heshima: "Afande, unatoka kituo gani, na unampeleka wapi?" Andika namba ya gari, saa, mahali, namba ya askari kama inaonekana, na mavazi kama haionekani. Tuma kwa viongozi na mawakili mara moja, kabla hujaweka mtandaoni. "Wamekuja na gari" haimsaidii wakili. "PT fulani, saa 11:20 jioni, wakaelekea Oysterbay" inampa pa kuanzia asubuhi.

Kikao chenu kijacho cha tawi, kabla ya mengineyo, jiulizeni swali hili: OCS wa eneo letu ni nani, OCD ni nani, na simu za vituo vyetu ni zipi? Kama hakuna anayejua, agizeni mtu mmoja akaulize kituoni Jumatatu. Ni ofisi ya umma, aingie kifua mbele.