Ardhi ya Serikali ikiingia sumu, wakaaji waulizwe

KATANA, Kivu ya Kusini – Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mkaaji wa Katana anaijua hata bila kuisoma: analima kipande kidogo cha mihogo na maharagi, kando ya mashamba makubwa ya Serikali ya INERA Mulungu. Ulizo ni hili: udongo wa Serikali ukiharibika, nani anaamua utatumika namna gani?

Jibu la Kinshasa lilionekana Shinkolobwe, Katanga ya Juu. Urani ya mgodi huo iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Wabelgiji walipoondoka, mashimo yalizibwa kwa sementi. Miaka ikapita, wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti. Januari 2004 amri ya Rais ikakataza kuchimba. Julai mwaka uleule mgodi ukaporomoka, watu 8 wakafa. Kisha kijiji cha wachimbaji kikavunjwa.

Tazameni tarehe hizo. Amri Januari, vifo Julai. Katazo lililotoka juu bila kupatana na wenye njaa halikumzuia mtu kushuka shimoni.

Kuna wanaosema mambo ya sumu ni ya wataalamu, raia wa kijijini ataongeza nini? Mtaalamu anapima, na vipimo vinahitajika. Lakini alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake. Raia ndiye anajua kijito gani kinafurika, kisima gani watoto wanachota, mbuzi wanalishwa wapi. Tena, mtaalamu akimaliza anapanda gari, raia anabaki.

Kivu ya Kusini haiko mbali na jambo hili. Kamituga, dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Kwenye viwanda vya dhahabu inatumika sayanidi. Siku moja dhahabu itaisha, makampuni yatafunga mizigo, na udongo utabaki. Wakati huo wa kuuliza utakuwa umepita.

Haki tayari imeandikwa. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inampa haki ya kushiriki katika maamuzi. Kinachokosekana ni kuitimiza.

Serikali inapashwa kupima udongo na maji kwanza. Watafiti wake wapo, hata hapa Lwiro. Matokeo yasomwe sokoni na makanisani, kwa Kiswahili na Mashi, yasifungwe ofisini. Kwenye baraza waitwe mama wanaolima, si mwami na machifu peke yao. Mapatano yaandikwe: nani anasafisha, nani analipa, anayehamishwa anapewa shamba wapi.

Udongo ni wa Serikali, sawa. Basi na sumu iliyo ndani yake ni ya Serikali pia, isiachiwe mama mwenye jembe.