Mchezaji Kafungiwa Mlango, Bosi Kavishwa Heshima

Makamanda, leo tutoke kidogo nje ya mipaka. Marekani kuna ubishi wa besiboli ambao hauishi. Najua wengi wetu mchezo huo hatuufuatilii, ila ndani yake kuna somo la uwajibikaji, na hilo ni letu kabisa.

Kule Cooperstown, jimbo la New York, kuna Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Waandishi wa mchezo huo ndio wanaowapigia kura wachezaji, na lazima upate asilimia 75. Miaka 10 ikipita hujafikisha, jina lako linatolewa kwenye kura yao. Mwaka 2022 Barry Bonds, mwenye rekodi ya houmurani 762 (mpira unapigwa mpaka unavuka uzio), aliishia asilimia 66. Roger Clemens, mrushaji aliyeshinda mechi 354, akapata 65.2. Wote wawili walitajwa kwenye ripoti ya mwaka 2007 ya seneta wa zamani George Mitchell kuhusu dawa za kusisimua misuli. Clemens anakana. Bonds anasema hakutumia kwa kujua.

Mimi sitetei dawa. Kijana aliyekataa sindano akapoteza namba kwa aliyekubali, huyo kadhulumiwa. Lakini nani alipaswa kumlinda?

Bud Selig aliongoza besiboli ya Marekani kuanzia 1992 hadi mwanzoni mwa 2015. Mgomo wa 1994 ulifuta fainali za mwaka ule, mashabiki wakakasirika. Mwaka 1998 Mark McGwire akapiga houmurani 70 na Sammy Sosa 66, nchi nzima ikashangilia, pesa ikaingia. Dawa hizo zilishapigwa marufuku kwa waraka tangu 1991, ila upimaji wenye adhabu ulianza 2004. Ni kweli, chama cha wachezaji nacho kilipinga upimaji kwa miaka mingi, kwa hiyo lawama si ya Selig peke yake. Lakini angalieni mwisho wake: McGwire alikiri mwaka 2010 na mpaka leo yuko nje. Selig aliingizwa ukumbini mwaka 2017, kwa kura ya kamati.

Hapo ndipo ninapokataa. Msimamo wangu ni huu: Bonds na Clemens waingie, na kibao cha kila mmoja kiseme wazi alichotuhumiwa. Cha Selig nacho kiseme kilichotokea akiwa madarakani. Ila waliofungiwa baada ya sheria kupata meno, kama Alex Rodriguez aliyekosa msimu mzima wa 2014, hao wabaki nje. Walijua adhabu ipo, wakaendelea.

Mtaniuliza, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kila pesa ya umma ikiliwa tunaona karani anasimamishwa kazi, bosi wake anahamishwa kituo, baadaye anaagwa kwa zawadi na hotuba. Tukikaa kimya kwa sababu karani kweli alikula, tunamsaidia bosi kutoka.

Na kipimo hicho tuanze nacho humu humu ndani. Mweka hazina wa tawi akiharibu, mwenyekiti aliyekuwa anasaini naye asimame ajieleze. Tusipoweza hilo kwenye tawi, tusiwadanganye wananchi kwamba tutaliweza Ikulu.