Wanasesere wa Kandanda na Kasoro za Uundaji Wao

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walinena wahenga. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa maneno tunayomwambia mtoto. Ni nadra kuelekezwa kwa vitu tunavyompa achezee. Maoni yangu ni kwamba wanasesere wa kandanda wanaouzwa kwetu Migori na Homa Bay wana kasoro ambazo hatupaswi kuzifumbia macho.

Likizo iliyopita nilimnunulia mpwa wangu seti moja katika duka fulani mjini Migori. Mlikuwamo wachezaji kumi na mmoja wa plastiki, magoli mawili na mpira. Kabla ya jua kutua, wanne walikuwa wamevunjika vifundo vya miguu. Sababu haikuwa utundu wa mtoto. Uzito wote wa mwanasesere uko kifuani na kichwani, naye amesimamishwa kwa mguu mmoja mwembamba mithili ya njiti ya kiberiti. Akiguswa huanguka, akianguka huvunjika papo hapo penye wembamba. Isitoshe, wote wamefinyangwa kwa umbo moja la kupiga shuti: hakuna mlinda lango!

Mgala muue na haki yake mpe: bei yao ni nafuu. Hata hivyo, ufundi wa kuwasimamisha si siri. Mwingereza Peter Adolph alipoanza kuuza mchezo wa Subbuteo mwaka 1947, aliwaweka wachezaji juu ya vitako vya mviringo vyenye uzito chini, ili mchezaji akifyatuliwa kwa kidole ayumbe kisha asimame. Watoto wetu nao wanaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: vizibo vya soda vifyatuliwavyo sakafuni havina mguu wa kuvunjika.

Kasoro ya pili ni ya sura. Wachezaji wale wote walikuwa na ngozi ya waridi na nywele za rangi ya manjano. Ilhali Homa Bay ndiko alikotoka Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ambaye klabu iliyoasisiwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Mandela mwaka 1987 ina jina lake. Je, mtoto wetu hastahili mchezaji mwenye jezi ya kijani na sura kama ya mjombake? Na binti je? Harambee Starlets walicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake mwaka 2016, lakini sandukuni hamkuwa na mwanamke hata mmoja.

Kasoro ya tatu inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Onyo kwamba mpira ule unaweza kumkaba mtoto mchanga liliandikwa kwa Kichina na Kiingereza pekee. Mama yangu, asomaye Kiswahili na Dholuo, hakuambulia kitu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Onyo lisilosomeka si onyo.

Tufanyeje basi? Jirani zetu wa Tabaka, Kisii, huchonga sataranji za mawe ya sabuni. Jiwe hilo huvunjika likianguka, hivyo halifai kuwa mguu. Lakini uzito wake unafaa kuwa kitako, na mwili ukawa wa mti. Nasi tuwaandikie kanuni za mchezo kwa Kiswahili sanifu. Hadi hapo, mpwa wangu amevirudia vizibo vyake, nami simlaumu.