Podikasti ya Malkia Iliyoishia Mtini
Na Mama Nyokabi

Mnaijua saluni ninakosukiwa hapa Nyeri, na msusi wangu ambaye wengi wenu humtumia salamu kupitia safu hii. Alhamisi nilimkuta ameunganisha simu na spika, podikasti ya Kiingereza kuhusu familia ya kifalme ya Uingereza inanguruma, na wateja wote wametega masikio.

Watangazaji walikuwa wamefika kwetu, Treetops. Februari 1952, Elizabeth na mumewe Philip walipanda kwenye hoteli ile iliyojengwa juu ya mgumo katika msitu wa Aberdare, wakatazama tembo na vifaru wakinywa maji. Usiku huo Mfalme George VI alifariki usingizini huko Sandringham. Wao walikuwa wamesharudi Sagana Lodge, nyumba waliyozawadiwa na koloni la Kenya walipooana, Philip alipompa mkewe habari ya msiba. Binti aliyekaa chini ya draya alipangusa machozi. "Aki maskini, alikuwa na miaka 25 tu," msusi akasema.

Hapo sikuwa na neno. Kufiwa na baba ni uchungu, hata ukirithi taji. Nikangoja wafike Oktoba ya mwaka huo huo, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari. Hawakufika. Waliruka moja kwa moja hadi London, kwenye kutawazwa kwa mwaka 1953, wakaanza kusimulia gauni, na baada ya gauni likaja tangazo la magodoro. Kenya ilikuwa imemaliza kazi yake katika simulizi yao: msitu, wanyama na mti.

Nilimwomba msusi azime. "Mama, si ni stori tu?" akaniuliza.

Si stori tu. Mti wenyewe uliteketea! Mau Mau waliichoma Treetops mwaka 1954, na hoteli ya sasa ilijengwa upya baadaye. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilianza kuwaswaga watu wa eneo hili, zaidi ya milioni moja kwa jumla, hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba. Na Novemba 1956, katika mji huu huu ambamo nilikuwa nimekaa nikisukwa, palisikilizwa kesi iliyoitwa Malkia dhidi ya Dedan Kimathi. Malkia ni yule yule wa mtini. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, na mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 bila kukabidhiwa mifupa ya mumewe aizike. Ukisimulia Treetops kwa saa nzima usimtaje Kimathi, umedanganya kwa kunyamaza.

Cucu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alisema neno moja tu, kwamba yeye alichimba mtaro ule akiwa mtoto. Saluni nzima ikamgeukia. Nusu ya wale wasichana hawakuwa wamewahi kuusikia.

Sipingi kusikiliza habari za kasri. Ugonjwa wa saratani wa Charles uliotangazwa Februari 2024 ulinigusa, na Andrew alipovuliwa cheo cha mwanamfalme mwaka 2025 nilifuatilia kama kila mtu. Lakini Charles huyo huyo alikuja Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023, akalaani ukatili waliotendewa Wakenya, akaondoka bila kuomba radhi. Msusi alimtetea: mfalme hasemi bila idhini ya serikali yake. Ni kweli, na hiyo ndiyo podikasti ninayotaka kuisikia. Nani alimwandikia hotuba ile, na kwa nini neno la radhi halikuwemo, ilhali mwaka 2013 serikali hiyo hiyo ilikuwa imekubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9? Hayo ni mambo ya kasri kama lilivyo gauni.

Watu wa London hawatatusimulia, kwa sababu hadithi yao inauzika ikiwa tamu. Wenye kosa kubwa zaidi kwangu ni sisi. Vijana wetu wana vipaza sauti, wana studio vyumbani, na wanazitumia kurudia yale yale waliyoyasikia kutoka ng'ambo, ugomvi wa William na Harry asubuhi na jioni. Binti yule wa draya anajua majina ya mbwa wa Malkia. Jina la kijiji alichofungiwa nyanya yake halijui.

Nyinyi mnaorekodi podikasti Nyeri, Karatina na Othaya, acheni Windsor kwa muda. Waliokuwa na miaka kumi mwaka 1954 sasa wamevuka themanini. Nendeni mkawarekodi wiki hii.